Usiwashe injini kwanza: ninavyopitia gemu zangu za chesi

Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nafanya hivi: gemu imeisha, nimefungwa, nabonyeza kitufe cha uchambuzi hapohapo ili injini, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa muvu bora, inichambulie, naangalia zile muvu zilizopakwa nyekundu, nasema aaa kumbe, halafu nafungua gemu nyingine. Nikaamini kabisa najifunza. Ila pointi zangu hazikusogea, na ungeniuliza kesho yake ni kosa gani nililiona jana nisingeweza kukutajia hata moja.

Kilichonisaidia ni kubadilisha mpangilio tu. Siku hizi gemu ikiisha naifungua injini ikiwa imezimwa, naipitia muvu kwa muvu, na kila mahali niliposita wakati nacheza naandika nilikuwa nawaza nini. Maneno ya kawaida tu, "hapa niliogopa farasi wake asiingie f4" (herufi na namba ni jina la mraba kwenye ubao), "hapa nilikuwa na haraka", "hapa sikuona chochote nikasogeza tu". Nikimaliza ndo nawasha injini. Na hapo inakuwa tofauti kabisa kwa sababu injini haikurekebishii muvu peke yake, inarekebisha wazo uliloliandika mwenyewe, na wazo bovu ukishalikamata mara moja utalitambua kwenye gemu nyingine hata kete zikiwa zimekaa kivingine.

Mi natumia Stockfish, ni ya bure, imeanza 2008 na bado inaboreshwa kila mara, inafanya kazi kwenye kompyuta na hata kwenye simu. Usiwe na wasiwasi kwamba ya bure ni dhaifu. Mwaka 1997 ilibidi IBM watengeneze mashine kubwa, Deep Blue, ndo wakamshinda Kasparov, bingwa wa dunia wa wakati huo, kwenye mechi ya gemu sita, leo programu iliyo kwenye simu yako ina nguvu kuliko ile. Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, wanakupa Stockfish hiyohiyo bila malipo, kwa hiyo hela isiwe kisingizio.

Sasa zile namba ambazo injini inaonyesha. 0.0 ni sawa kwa sawa, +1.0 maana yake mweupe yuko mbele kwa kiasi kama cha askari mmoja, -1.0 ni mweusi. Watu wengi wanahangaika na muvu iliyotoka +0.4 ikawa +0.1, achana nayo, kwa wachezaji kama sisi hiyo haiamui gemu. Tafuta pale namba iliporuka kweli, ilikuwa sawa kwa sawa ikawa -3, au ulikuwa unashinda ikawa 0.0. Gemu moja ina sehemu mbili tatu hivi za namna hiyo, zinakutosha sana.

Nikupe mfano ulioniuma. Mwisho wa gemu, nina mfalme mtupu mweusi e7, mwenzangu ana mfalme e5 na askari mmoja e6, zamu yake. Akaenda d5. Mimi nikarudi d8, nikiwaza "nimkaribie mfalme wake nimzuie". Akaja d6, nikaenda e8, akasukuma askari e7, nikalazimika kwenda f7, akaweka mfalme d7 na askari akawa malkia. Nilipokuwa napitia mwenyewe nikaandika "hapa nilishapoteza zamani, hakuna la kufanya". Nawasha injini, inaniambia ilikuwa 0.0! Sare! Nilitakiwa kurudi nyuma moja kwa moja tu, e8. Akija d6 naenda d8, akisukuma e7 ni cheki narudi e8, na hapo akitaka kumlinda askari wake kwa mfalme e6 mimi sina pa kwenda na mfalme wangu hajapigwa cheki, yaani sare. Muvu moja tu ndo ilikuwa inaokoa na mimi nilishajiandikia nimekufa.

Lakini injini haikuniambia KWA NINI e8. Imeonyesha 0.0 basi. Hili ndo jambo ambalo natamani ningeambiwa mapema, injini ukitaka ikueleze lazima uiulize, na kuiuliza ni kucheza ile muvu yako mbovu kwenye ubao halafu uone inajibu nini. Nikacheza d8, ikajibu d6. Nikarudi, nikajaribu f8, ikajibu d6 tena. Mara ya tatu nikaelewa: mfalme wake akifika d6 mimi nitakiwe kuwa naweza kukaa d8, mkabala naye, zamu ikiwa yake. Tangu siku hiyo sijaipoteza tena hali hiyo. Na kwenye hali zenye kete saba au pungufu, wale mafalme wakihesabiwa, Lichess wana hazina ya majibu yaliyokokotolewa hadi mwisho, hapo hakuna makadirio.

Faida nyingine iko kwenye gemu zilizolundikana. Zishushe zote kama faili la PGN, yaani muvu za gemu zikiwa kwenye maandishi tu, yanafunguka popote. Mimi niliposhusha zangu nikachambua zile nilizofungwa chini ya muvu 20 nikiwa mweusi, nikakuta kitu kilekile kinajirudia: e4 e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4, farasi f6, halafu farasi wake anaruka g5 na mimi najibu d5, anakula, nami nakula d5 kwa farasi. Kila mara! Anamtoa farasi wake sadaka pale f7, mfalme wangu anamla, malkia anakuja f3 na cheki, na mfalme anajikuta e6 katikati ya ubao anamlinda farasi wa d5. Gemu moja moja nilikuwa nasema bahati mbaya. Injini inapendekeza farasi wa c6 aende a5 amguse askofu badala ya kula, unatoa askari mmoja ila kete zako zinatoka vizuri. Jioni moja ya kazi, na tatizo la miezi likaisha.

Gemu ulizoshinda nazo zipitie, huko makosa yanajificha kwa sababu mwenzako hakuyaona. Na injini iwe baada ya gemu tu, ukiiwasha gemu ikiendelea huo ni wizi na akaunti inafungwa.

Kitu cha mwisho, ukishusha PGN chagua ije na muda wa saa kwa kila muvu. Mimi ile d8 niliicheza kwa sekunde mbili, nikiwa na dakika nne zimebaki.