Muulize Mwalimu: “Run” ina maana ngapi jamani?

Toleo lililopita kuna msomaji aliuliza kwa nini Waingereza wanasema pua inakimbia, nikamjibu kwa mistari miwili nikajua yameisha. Kumbe nimechokoza. Msg za “run” zimejaa kwenye simu ya ofisi, kila mtu na ya kwake, basi leo safu nzima ni hilo neno moja, wale wa maswali mengine mnivumilie hadi toleo lijalo.

Mwalimu shikamoo. Niko Leicester, Uingereza, nafanya kazi ya kutunza wazee. Juzi nilipiga simu kazini kuomba ruhusa, nikamwambia meneja “I have a running stomach”. Akanyamaza kidogo, akauliza “A what?” Nikarudia, bado hakunielewa, mpaka dada mmoja Mkenya wa hapo kazini akamfafanulia. Nimekosea wapi, maana nyumbani hata daktari tunamwambia hivyohivyo? – Msomaji, Leicester

Marahaba, na pole na tumbo. Kosa hujafanya, umeongea Kiingereza cha kwetu kwa mtu wa kwao, basi. “Running stomach” ukiisema Arusha, Nakuru au Jinja kila mtu anajua uko chooni, hata Wanigeria wanaitumia sana tu, ila Mwingereza hana hiyo lugha, yeye akisikia hivyo anajaribu kuwaza tumbo lenye miguu. Kwao kwa masela ni “I've got the runs”, hiyo usimwambie meneja, ni ya kuambiana marafiki na haina adabu sana. Kwa meneja sema “I've got an upset stomach” au “a stomach bug”, anaelewa na wala hatataka maelezo zaidi. Daktari mwambie “diarrhoea” moja kwa moja, yeye haoni aibu.

Na hapohapo nikuongezee, mafua sisi tunaita “running nose”, wao wanasema “runny nose” au “my nose is running”. Ila homa wao ndo wanatushangaza, eti “she's running a temperature”, yaani mtoto ana joto kali, amelala hoi kitandani halafu anarun.

Sasa sikiliza, maana hili litakusaidia na maswali yote yaliyobaki huko chini. Tatizo letu tulifundishwa darasa la tatu kwamba “run” ni kukimbia, tukachorewa na katoto kanakimbia, tukabaki na hiyo picha maisha yote. Toa hiyo picha weka kuendesha. Kwa Kiswahili mtu anaendesha duka, anaendesha kikao, anaendesha mashine, na chakula kikimkataa tunasema tangu jana anaendesha tu. Kiingereza nacho, “run a shop”, “run a meeting”, “run a machine”, na hizo “runs” za chooni. Yaani tumekutana nao kabisa bila kupanga! Kitu kinakwenda, hakisimami, au kuna mtu anakifanya kiende, hapo Mwingereza ana “run” mdomoni. Gari tu ndo lina ujanja wake, ukiwa kwenye usukani ni “drive”, ila ukisema “I can't afford to run a car” maana yake gari huliwezi, mafuta, bima, gereji, huko kote kunakushinda hata kama umeshalinunua.

Shkamoo ticha. Mimi niko kidato cha nne. Mwalimu wetu wa Kiingereza alisema run ina maana zaidi ya 600, darasa zima tukacheka tukajua anatutisha kwa sababu ya mtihani. Ni kweli? – Mwanafunzi, Mwanza

Marahaba mwanangu, mmemcheka bure. Kamusi kubwa ya Oxford, ile ambayo ikichapwa inajaza shelfu, ilipolifanyia kazi upya hili neno na kuliweka mtandaoni mwaka 2011 walihesabu maana 645, na hapo ni kitenzi peke yake, hawajagusa nomino. Mhariri aliyekabidhiwa anaitwa Peter Gilliver, ilimchukua kama miezi tisa, neno moja! Kabla ya hapo bingwa alikuwa “set”, kwenye toleo la 1989 lilikuwa na maana kama 430 na watu walikuwa wanalitaja kwenye chemsha bongo kila siku, sasa limepitwa.

Zimefikaje huko? Neno lenyewe ni la zamani sana, na tangu mwanzo lilikuwa linatumika kwa miguu na kwa maji pia, mto “unarun” tangu enzi hizo, Wajerumani mpaka leo wanayo mawili ya ukoo huohuo, “rennen” ya kukimbia na “rinnen” ya kutiririka. Halafu zikaja mashine. Kila kilichogunduliwa kinachozunguka au kufanya kazi kikapewa “run”, saa, injini, treni ikawa “runs from Dar to Dodoma”, zikaja kompyuta nazo zikadaka “run a program”. Hakuna aliyekaa chini akazipanga hizo 645, zimeota tu.

Na usijaribu kuzikariri, hata Gilliver mwenyewe sidhani kama anaweza kukutajia zote. Kwa mtihani wako shika chache za kila siku, na mojawapo wanayopenda kutegea watoto ni “three days running”, siku tatu mfululizo. “It rained for three days running”, hakuna mtu aliyekimbia popote hapo, wala hata mvua.

Hujambo mwalimu. Huku Kenya magazeti yanaandika mtu “is vying for” kiti fulani, nikiangalia habari za Marekani ni “running for”, na ndugu yangu yuko London anasema huko ni “standing for”. Huyu mgombea anasimama ama anakimbia? Na running mate naye anakimbia na nani? – Msomaji, Nakuru

Sijambo. Mmarekani anakimbia, Mwingereza anasimama, wote wanatafuta kura. “Run for president”, “run for Congress” ni Kimarekani, Uingereza utasikia “stand for Parliament” ingawa siku hizi wanaigana kutokana na taarifa za habari. “Vie” ni Kiingereza halali, maana yake kushindana au kuwania, ila nyie Wakenya mmeipenda mpaka imekuwa kama ya kwenu, gazeti la London litaitumia mara mojamoja sana, la Nairobi wakati wa uchaguzi haikosi ukurasa. Sioni ubaya, endeleeni nayo.

“Running mate” ni mgombea mwenza, na hiyo imetoka kwa farasi wa Marekani, alikuwa ni farasi anayekimbizwa pamoja na mwenzake wa zizi lile lile, afu wanasiasa wakaichukua. Kwa vile Kenya na Tanzania zote rais na makamu (au naibu, kwenu) wanapigiwa kura kwa tiketi moja, neno linatufaa sawasawa. Mwingereza hana mtu wa namna hiyo kwenye siasa zake, anachagua mbunge tu, waziri mkuu anatokea humo bungeni.

Mwl naomba msaada, mimi nauza vitenge na nguo za watoto kwa njia ya mtandao, kuna mteja mmoja yuko nje kaniuliza “does the colour run?” nikamjibu no it is not for sports. Hakuagiza tena. – Mfanyabiashara, Kariakoo

Hahaha jamani. Alikuuliza kama nguo inachuja rangi. Mrudie leo umwambie “No, the colour doesn't run” kama kweli haichuji, na kama inachuja mwambie afue peke yake kwa maji baridi, “wash separately in cold water”. Na ukiuza zile soksi nyembamba ndefu za kina dada, ikichanika ule mstari unaoshuka mguu mzima, Mmarekani anaita “a run”, Mwingereza anaita “a ladder”, ngazi.

Kiongozi, nauliza sentensi hizi ipi sahihi: “The bundle has ran out” au “I have finished the bundle”? Tunabishana hapa kijiweni. – Vijana wa Tegeta

Hakuna iliyokaa sawasawa hapo nyie. Run, ran, has run. Ile ya tatu inarudi kufanana na ya kwanza, “has ran” haipo hata ukiisikia kwa mtangazaji. Kwa hiyo “My data has run out”, bando limeisha, au “I've run out of data”, nimeishiwa bando, angalieni inavyogeuka sawasawa na Kiswahili, kuisha na kuishiwa, kitu kinaisha, mtu anaishiwa. Neno “bundle” kwa maana ya intaneti lipeleke kwa Mtanzania au Mkenya mwenzio, Ulaya ni “data”.

“I have finished the bundle” siyo kosa la sarufi, ila inasikika kama ulikuwa na kazi ya kulimaliza ukaifanya kwa bidii. Hiyo ndo ile ile ya dukani, “sugar is finished”, tunaitafsiri sukari imeisha neno kwa neno. Mwingereza mwenye duka atakwambia “we've run out of sugar”.

Mwalimu habari za kazi. Mimi dereva hapa Dubai, bosi wangu Mwingereza. Siku ya kwanza aliniambia “can you run me to the airport?” nikabaki namwangalia. Jana tena kasema dereva mwingine “ran a red light” na leo mkewe kaniambia “I ran into your friend at the mall” nikashtuka nikajua kamgonga. – Dereva, Dubai

Nzuri ndugu yangu. “Run me to the airport” ni nipeleke mara moja, kwa gari, wala usihangaike na viatu. “Ran a red light” kapita taa nyekundu, hiyo ni ya Kimarekani zaidi, ajabu kuisikia kwa Mwingereza, wao wengi wanasema “jumped the lights”.

“Ran into” ulikuwa na haki ya kushtuka. Kwa mtu ni kukutana naye kwa bahati bila miadi, kwa ukuta au nguzo ni kugonga. “I ran into your friend”, wamesalimiana. “I ran into a wall”, tafuta fundi wa bodi. Na ile ya kuogopa kweli ni “run over”, akisema “I ran over your friend” hapo piga simu polisi, gari limempitia mtu juu. Kwa dereva hizi mbili usizichanganye kabisa hata kwa utani, hasa ukiwa unaandika maelezo ya bima.

Mwalimu, kwenye habari za uchumi nasoma “bank run”. Benki inakimbia? – Mama lishe, Morogoro

Wateja ndo wanakimbilia benki, dada. Wanasikia tetesi kwamba benki ina hali mbaya, kila mtu anataka atoe hela yake kabla ya mwenzie, na kwa vile hakuna benki inayokaa na hela za wateja wote kabatini (imezikopesha), inaweza kuanguka hata kama ilikuwa na nafuu. Mwaka 2007, mwezi wa tisa, Waingereza walipanga foleni barabarani nje ya benki ya Northern Rock, vizee na viti vya kukunja. Machi 2023 kule Marekani kwa Silicon Valley Bank hapakuhitajika foleni, wateja walikuwa kwenye simu na kompyuta, ndani ya siku moja wakaomba kutoa dola bilioni 42, kesho yake serikali ikaifunga. Wewe mwenyewe umeona vikoba vinavyokufa, mmoja akianza kudai chake wiki hiyohiyo wanadai wote.

Shikamoo mwalimu, mimi niko Kampala, mwanangu kaanza kriketi shuleni. Kaniambia kuna mtu alipata runs 400 kwenye mechi moja. Alikimbia mara 400 kweli? – Mzazi, Kampala

Marahaba. Mtu huyo yupo, Brian Lara wa West Indies (timu ya visiwa vya Karibiani), alizipata Aprili 2004 kisiwani Antigua dhidi ya Uingereza, na hawakuweza kumtoa, yeye mwenyewe kama nahodha ndo alifunga hesabu ya timu yake akiwa bado uwanjani. Run moja kwenye kriketi ni wale wapigaji wawili wabadilishane pande, kila mmoja afike upande wa mwenzie, ni kama mita 20 hivi. Lakini mpira ukigonga chini ukavuka mpaka wa uwanja unapewa 4, ukivuka bila kugusa chini unapewa 6, na hapo unaweza kubaki umesimama unajifuta jasho. Lara alipiga nne 43 na sita 4. Mwambie mwanao achukue kalamu, 43 mara 4 ni 172, jumlisha 24, unapata 196. Zilizobaki, 204, ndo za miguu, na usisahau kila moja yule mwenzie wa upande wa pili alikimbia nayo pia na hakuandikiwa kitu.