Fomu ya kazi inauliza magonjwa ya familia, nijaze?

SWALI: Habari dada, nakuandikia nina mawazo hata usingizi sipati. Mama yetu alifariki kwa saratani ya matiti na mama mdogo naye anaumwa hiyohiyo, daktari kanishauri nipime jeni ya BRCA1, ile ambayo ikiwa na hitilafu inaongeza hatari ya saratani ya matiti. Sasa nimepata kazi, kwenye fomu wanauliza eti kuna ugonjwa wa kurithi kwenu? Nikisema ukweli si wataniacha? Na nikipima nikakutwa nayo bima itanikataa? Nisaidie.

JIBU: Pole sana mdogo wangu, kufiwa na mama halafu fomu ikuulize kama vile ni kosa lako, inauma. Jua kwanza kwamba kukutwa na hiyo jeni yenye hitilafu sio kuumwa. Hatari inapanda, tena sana, ila wapo wanaozeeka nayo wazima kabisa, kwa hiyo anayekunyima kazi leo anakuadhibu kwa ugonjwa ambao huna na huenda usiupate.

Hilo swali la familia ndo limenikera. Marekani wana sheria inaitwa GINA ya mwaka 2008, na humo ugonjwa wa mama yako unahesabiwa ni taarifa ya kijenetiki sawasawa na majibu ya maabara, yaani mwajiri mwenye wafanyakazi 15 na kuendelea haruhusiwi kukuuliza ndo akuajiri. Na watu waliumizwa kweli kabla ya hapo, miaka ya 1970 hukohuko Wamarekani weusi waliobeba jeni moja tu ya sikoseli, watu wazima wa afya, walikuwa wananyimwa kazi na bima. Halafu 2001 kampuni ya reli ya Burlington Northern Santa Fe ikagundulika inachukua damu za wafanyakazi waliolalamika mikono kuuma na kuzipima jeni kimyakimya bila kuwaambia, tume ya usawa kazini ikaishtaki, mwaka uliofuata yakaisha kwa dola milioni 2.2.

Kwenye bima sasa hapo kuwa makini, maana bima sio moja. GINA inakulinda kwenye bima ya afya lakini bima ya maisha imeachwa nje kabisa, na mimi naona hilo ni pengo baya. Kanada wamekaza zaidi, tangu 2017 kumlazimisha mtu apime au aonyeshe majibu ndo apewe huduma au mkataba wowote ni jinai, faini mpaka dola milioni 1 au jela mpaka miaka 5, ikapingwa mahakamani lakini 2020 Mahakama ya Juu ikaiacha isimame.

Kwa hiyo usidanganye kwenye fomu, uongo unaweza kukufukuzisha kazi baadaye. Acha hiyo sehemu wazi kwanza, waandikie uwaulize ni sheria gani inawaruhusu kuuliza na majibu anayaona nani, jibu lao litunze, kisha mpelekee mwanasheria wa kazi au tume ya haki za binadamu ya nchini kwako. Bima ya maisha kama unaitaka, soma masharti yake kabla hujapima.

Ila kupima usikuache kisa fomu, ukijua mapema wanaanza kukuchunguza mapema, na ukienda muulize daktari majibu yatakaa kwenye faili gani na nani ana ruhusa ya kulifungua. Mama mdogo mpe pole zangu.