Ofisa akibadilisha mchoro wako: maswali na majibu

Maswali ya safari hii yametoka Jiji la Mwanza na Ilemela, na karibu yote ni ya aina moja: mhandisi kachora, mwenye mamlaka kasema vingine.

Mkaguzi anasema msingi lazima ushuke mita 1 kama kibali kinavyosema. Sisi tumekuta jabali futi moja na nusu tu. Tulipasue? (Isamilo)

Bado, na msimcheke mkaguzi. Mita 1 imewekwa ili kupita udongo wa juu unaovimba na kusinyaa. Ukifika kwenye mwamba, lengo limetimia. Ila vilima vya Mwanza vina ujanja wao: jiwe kubwa kama gari laweza kuwa limekaa juu ya mwamba uliooza na kuwa mchanga. Chimbeni pembeni mwake pande tatu, kisha mtoboe mita 3 kwenda chini sehemu mbili au tatu. Mkikuta udongo chini yake, mkaguzi kashinda. Mkikuta mwamba mtupu, uchongeni ngazi bapa ili msingi usiteleze, toboeni mashimo ya sentimita 30, simikeni nondo za milimita 16 kwa uji wa saruji. Pigeni picha futi kamba ikionekana, mwombe mchoro wa kibali urekebishwe kwa maandishi.

Jirani wa bondeni kalalamika, ofisa kaamuru tuzibe matundu ya kutolea maji kwenye ukuta wa kuzuia udongo. Ukuta una mita 3 kwenda juu. (Igogo)

Hapa msikubali. Udongo mkavu wa kawaida unausukuma ukuta huo kwa takribani kilonewtoni 27 (moja ni kama uzito wa kilo 100) kwa kila mita ya ukuta kwenda pembeni. Zibeni matundu, masika ijaze maji nyuma yake, na msukumo unafika 57: maji peke yake 44, udongo uliolowa 13. Hata kama mlikokotoa kwa ziada ya usalama ya 1.5, ukuta wenu unahimili 40 tu. Utaona mawe yakivimba sehemu ya chini, au ukuta wote ukiinamia kwa huyo huyo jirani aliyelalamika.

Naye ana haki yake lakini. Maji yenu yanamwagika uani kwake. Mpelekeeni ofisa mchoro mwingine: mabomba ya milimita 75 kila baada ya mita 1.5, nyuma yake kokoto unene wa sentimita 30 ndani ya kitambaa cha kuchujia, na kwenye kitako cha ukuta mfereji wa zege hadi mtaroni. Ofisa alitaka malalamiko yaishe, si matundu.

Zahanati ya fosi akaunti (kamati yenyewe inajenga bila mkandarasi mkuu). Kamati imenunua nondo za 12 badala ya 16 za nguzo. Mtendaji anasema nondo ni nondo. Zege ni Jumamosi. (Buhongwa)

Kamati inaweza kuchagua duka na kubana bei. Kiasi cha chuma ndani ya nguzo si chake. Nondo ya 16 ina milimita za mraba 201, ya 12 ina 113; nne za 12 zinakupa 452 pale mchoro ulipotaka 804. Kwa kuwa zimeshanunuliwa, weka nane: 905. Ringi, yaani vyuma vinavyozifunga nondo, nazo zisogeleane, zilizokuwa kila milimita 190 ziwe kila 140, la sivyo nondo nyembamba zitapinda katikati ya ringi. Kwenye nguzo ya 230 kwa 230, penye maungio nafasi kati ya nondo inabaki kama sentimita 5, kwa hiyo kokoto isizidi milimita 20.

Wakikataa hata nane, andika barua leo kwa mkurugenzi, nakala kwa mhandisi wa halmashauri na mtendaji. Ukurasa mmoja: mchoro unataka nini, kilichopo saiti, namba hizo mbili (804 na 452), nani kaamuru. Rudia kwenye kitabu cha saiti. Usisaini ukaguzi wa kabla ya zege. Siku ya kuulizwa, Bodi ya Usajili wa Wahandisi itamwita mwenye muhuri.

Ofisa kaninyima kibali ufukweni kwa sababu ya mita 60, ingawa mhandisi wangu kasema nyumba ya juu ya nguzo itahimili maji. Nikate rufaa? (Ilemela)

Huna kesi. Hizo mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, pasipojengwa kitu cha kudumu, ni za kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, hazitegemei uimara wa nguzo. Ziwa Victoria nalo lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, na 2020 likarudi kwenye kimo kile kile. Mlete mpima aliyesajiliwa auweke mstari wa mita 60 kwa bikoni, kisha uone kama nyumba inaenea nyuma yake.