Kabla Hujafunga Matairi Makubwa Kwenye Pikapu Yako

Wengi wanaotaka kubadilisha matairi ya pikapu huuliza mambo mawili tu: bei, na kama tairi jipya litagusa madigadi usukani ukikatwa. Mimi ningeanza na kimo cha tairi, kwa sababu anayefunga tairi refu amebadilisha gia zote za gari lake kwa mara moja, ingawa gia boksi haijaguswa.

Nichukue mfano wa Hilux ya otomatiki ninayoendesha kati ya Morogoro na Iringa. Matairi yake ya awali ni 265/65R17, yenye kipenyo cha milimita 776 hivi. Nilipoinua springi na kufunga 285/70R17, kipenyo kilifika milimita 831, yaani ongezeko la asilimia 7. Kila gurudumu likizunguka mara moja, gari husogea mbele zaidi, na nguvu ya kusukuma inayofika barabarani hupungua kwa karibu kiasi hicho hicho. Gari lenye difu ya 4.10 (yaani shafti huzunguka mara 4.10 gurudumu likizunguka mara moja) huanza kuvuta kana kwamba limefungwa difu ya 3.83. Juu ya hapo kuna uzito wa tairi lenyewe, ambao utausikia kila unapoondoka kwenye tuta.

Tambarare ya Mikumi haikuonyeshi mengi. Kwa mwendo uleule injini huzunguka taratibu zaidi, na dereva anaweza hata kudhani amepata faida. Deni hudaiwa kwenye mlima wa Kitonga. Ukiwa na mzigo, gia iliyokuwa ikikupandisha bila shida sasa inalemewa, na ya chini yake inaifanya injini ipige kelele. Gia boksi ya otomatiki hupanda gia, hukuta injini haiwezi kuishikilia, hushuka, na baada ya mita chache hurudia yaleyale. Kuhangaika huko huchemsha mafuta ya gia boksi, na joto ndilo adui yake mkubwa. Mimi husogeza mkono wa gia kwenye S, sehemu ya kujichagulia gia, kabla mlima haujaanza, nikachagua gia moja na kukaa nayo hadi juu, hata kama mwendo ni mdogo. Mwenye gia za mkono naye ashushe gia mapema, injini ikiwa bado na kasi, na asiondoke mlimani kwa kuning'iniza klachi, kwa kuwa gia namba moja sasa ni nzito kuliko alivyoizoea. Wakati wa kuteremka, injini haikuzuii kama zamani. Shuka kwa gia ya chini zaidi ili breki zisibebe kazi yote.

Mafundi wengine watakushauri uongeze nguvu ya injini kwa kuchezea kompyuta yake. Sipendi njia hiyo, kwa sababu mzigo wa ziada huishia kwenye klachi na gia boksi. Dawa yenyewe iko kwenye difu: pinioni na krauni (gia za ndani ya difu) za 4.30, pamoja na tairi hilo refu, hukurudisha kwenye 4.02, karibu kabisa na ulikotoka. Kwa gari la magurudumu manne, difu ya mbele na ya nyuma zibadilishwe pamoja, la sivyo siku utakayounganisha magurudumu yote kwenye lami kavu utavunja kitu. Ni gharama kubwa, na faida yote uliyopata chini ya difu ni milimita 27 tu, kwa kuwa nusu ya ongezeko la kipenyo iko juu ya ekseli. Kwa anayebeba mizigo na kupanda milima, naona 265/70R17 inatosha: inaongeza kimo kwa asilimia 3.4, na gia hazilalamiki sana.

Spidomita nayo hubaki nyuma. Ikisoma 80, mwendo halisi unaweza kufika 85, ingawa spidomita nyingi za kiwandani husoma juu kidogo na hivyo kufuta sehemu ya kosa hilo. Kwenye vibao vya 50, jipimie kwa GPS ya simu kabla ya kukutana na tochi ya trafiki ya kupimia mwendo. Kilomita nazo huhesabiwa pungufu, kwa hiyo anayelinganisha ulaji wa mafuta azidishe kilomita zake kwa 1.07 kwanza, na anayebadilisha oili kila kilomita 5,000 aibadilishe mita ikisoma 4,700 hivi.