Hesabu kwanza, majina baadaye: kuchambua shairi bila kubahatisha

Wanafunzi wengi huanza uchambuzi kwa kuorodhesha majina: tashbihi, sitiari, takriri, tashihisi. Anza na vidole. Chukua ubeti huu:

Giza limetanda tena, nyota nazo zimetoka,
Mwezi unacheka sana, mawingu yameondoka,
Najiuliza kwa kina, mbona moyo wateseka?
Usingizi wanikana, roho haitaki cheka.

Mishororo ni minne, kwa hiyo ni tarbia. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao. Hesabu silabi za ukwapi wa kwanza: gi-za-li-me-ta-nda-te-na. Nane. Utao nao ni nane, jumla mizani (yaani silabi) 16. Kina, yaani silabi inayofanana mwishoni mwa vipande: cha kati ni -na, cha mwisho ni -ka.

Wengi hukosea hesabu kwenye m na n. Katika "mtu" m ni silabi peke yake, kwa hiyo mizani ni mbili, "nchi" vilevile. Lakini "nda" ya "limetanda" ni silabi moja, na "mwe" ya "mwezi" pia ni moja. Irabu mbili zinazofuatana hesabu mbili: "yameondoka" ni ya-me-o-ndo-ka. Ukiona kipande kina mizani 7 au 9, usimlaumu mshairi kabla hujarudia kuhesabu kwa sauti.

Sasa tazama "cheka" ya mwisho. Kwa kawaida tungesema "haitaki kucheka", ila kipande kingekuwa na mizani 9. Mshairi kakata "ku": hiyo ni inkisari. Kinyume chake ni mazda, kurefusha neno, kama "afya" kuwa "afiya". Tabdila hubadilisha umbo bila kugusa idadi ya mizani: "ufunguo" ukawa "ufunguwo". Ukitaja uhuru wa mshairi, yaani ruhusa ya kubadili maneno namna hii, onyesha na sababu yake. Kusema tu "ametumia inkisari" ni nusu ya jibu.

Je, shairi hili ni mtiririko? Kwa ubeti mmoja huwezi kujua, na hapa ndipo maksi nyingi hupotea. Mtiririko ni pale vina vya kati na vya mwisho vinapobaki vilevile toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Vya upande mmoja vikibaki na vya upande wa pili vikabadilika kila ubeti, ni ukara. Vyote vikibadilika, ni ukaraguni. Vivyo hivyo kwa mshororo wa mwisho: ukirudiwa katika kila ubeti ni kibwagizo, usiporudiwa ni kimalizio. Soma beti zote kwanza.

Utenzi ni mwepesi zaidi: kipande kimoja, kwa kawaida mizani 8, na kina cha mshororo wa nne ndicho kinachotembea utenzi mzima.

Baada ya umbo ndipo uje kwenye tamathali. Mwezi unaocheka ni tashihisi, maana kitu kisicho na uhai kimepewa tendo la mtu. Usingizi "unaomkana" mtu, hali kadhalika. "Mbona moyo wateseka?" ni swali la balagha, halitarajii jibu.

Tashbihi ina viunganishi: kama, mithili ya, mfano wa, ja. Lakini si kila "kama" ni tashbihi. "Kama utakuja" ni sharti. "Mrefu kama kaka yake" ni ulinganisho wa kawaida, watu wawili wa jinsi moja. "Mrefu kama mnazi" ndiyo tashbihi. Ondoa kiunganishi useme "yeye ni mnazi", umepata sitiari. Picha hiyo ikifichwa na kuendelezwa beti nzima bila mtu kutajwa, iite jazanda.

Ukiandika jibu, fuata mtindo huu: jina, maneno yenyewe kutoka ubetini, kisha kazi yake. Mfano: "Tashihisi, 'mwezi unacheka sana': furaha ya angani inazidisha upweke wa msemaji, ambaye roho yake haitaki kucheka."