Lazima wazazi waende Korea wenyewe
Mnauliza kama mtoto mnayetaka kumwasili kutoka Korea Kusini ataletwa na msindikizaji hadi uwanja wa ndege wa kwenu? Hapana, haletwi tena hivyo. Tangu Agosti 2012 sheria inataka mahakama ya familia iidhinishe kila uasili, ndiyo maana wazazi wengi wa Marekani wamekuwa wakisafiri mara mbili: kwanza kusikilizwa mahakamani, baadaye kumchukua mtoto. Wanenu wakubwa waje safari ya pili, wamzoee mdogo wao hukohuko. Tena ombeni aagane vizuri na mlezi aliyekaa naye, asinyakuliwe tu, maskini. Ila maelezo ya zamani msiyategemee: tangu Julai 2025 jukumu la kusimamia uasili limetoka kwa mashirika binafsi likaenda serikalini.