Kero, siyo habari

Makorora, Tanga

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikikuna nazi, mara ya pili nimeketi. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningepandwa na hasira kabla sijafika penyewe.

Umesema daraja la magogo la kuja kwenye kituo chenu cha afya lilichukuliwa na masika, miezi saba sasa, na vuli nayo imeshaanza. Wajawazito wa ng'ambo wanavushwa kwa mtumbwi, usiku mtu akimulika kwa simu, na wawili hamkuwawahi. Ukampigia mwandishi wa habari wa huko mkoani, kijana mliyesoma pamoja, akakujibu: "Dokta, hiyo kero, siyo habari. Kukitokea kitu nistue." Wiki hiyohiyo redio yake ikamaliza siku tatu kwenye ndoa ya msanii iliyovunjika. Ukaniuliza, "Mama, wewe umeifanya kazi hiyo miaka 26. Nani huamua kwamba hili ni habari na lile siyo?"

Nianze na lile litakalokuudhi. Ningekuwa bado kwenye kiti changu gazetini, na yule kijana akaniletea stori yako kama ulivyoisimulia, ningeirudisha. Pengine nisingesema "nistue", lakini ningeirudisha.

Ondoa wazo kwamba kuna mtu mmoja amekaa mahali anaamua. Kulikuwa na kikao. Saa nne asubuhi, meza ndefu, chai ya maziwa iliyopoa, kila deski na orodha yake: siasa, uchumi, michezo, mikoani. Mtu akitaja alichonacho, mhariri wetu aliuliza maswali mawili, daima yaleyale: "Nini kipya?" na "Nani kasema?" Ukikwama kwenye la kwanza, basi. Ukikwama kwenye la pili, uliambiwa ukatafute mtu wa kusema, na mtu huyo alitakiwa awe na cheo, maana mwenye cheo akikosea lawama ni yake, mkulima akikosea lawama ni ya gazeti. Ndiyo maana kila ukifungua gazeti waziri ametaka, mkuu wa mkoa ameagiza, mkurugenzi ameonya. Si kwamba tuliwapenda sana. Walikuwa njia fupi ya kulijibu swali la pili kabla gazeti halijaenda mitamboni.

Na kuna jambo ambalo msomaji halioni kabisa: kurasa zilitufikia zikiwa zimeshaliwa. Matangazo yalipangwa kwanza, sisi tukapewa kilichobaki. Siku ya matangazo mengi, stori ambayo jana ingepata ukurasa mzima leo inapata aya mbili kwenye "kwa ufupi". Msomaji anadhani tumepima uzito wake. Tumepima nafasi.

Hilo swali la "nini kipya" ndilo lililokumeza, na nadhani lugha yetu yenyewe inalieleza vizuri kuliko walimu wangu wote. Mtu akikuuliza habari za nyumbani, unajibu nzuri. Paa linavuja, ada ya shule hujamaliza kulipa, mguu unakuuma tangu mwaka juzi, na bado unajibu nzuri. Kisha unaongeza neno moja: ila. "Nzuri, ila mtoto kaamka na homa." Hiyo "ila" ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta kila kukicha. Paa linalovuja mwaka wa tatu halimo kwenye "ila" tena, limeshaingia ndani ya "nzuri". Daraja lenu, mwanangu, siku lilipoondoka na maji lilikuwa "ila". Ungepiga simu asubuhi ile! Baada ya miezi saba limeshaingia ndani ya "nzuri", na watu wanavuka kwa mtumbwi kana kwamba mtumbwi ndiyo barabara.

Mwaka 1965 watafiti wawili wa Norway, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, walichapisha uchunguzi wa jinsi magazeti manne ya kwao yalivyoripoti migogoro ya Kongo, Kuba na Cyprus. Walitaka kujua tukio la ng'ambo linapita kwenye matundu gani mpaka limfikie msomaji wa Oslo. Wakapata sababu 12. Zipo zile ambazo hata wewe ungezikisia: jambo liwe kubwa, liwe baya, lihusu wakubwa, liwe la kushtua, liwe karibu nasi. Mimi iliyonikaa kichwani ni ya kwanza kabisa kwenye orodha yao, inayohusu muda. Gazeti hutoka kila siku, kwa hiyo hupenda jambo linaloanza na kumalizika ndani ya siku. Mfano wao ulikuwa bwawa: likijengwa, hakuna anayeandika; siku ya uzinduzi, waandishi wamejaa. Kwetu sote tumeona. Daraja linachukua miaka, utepe unakatwa kwa dakika moja, na inayoandikwa ni ile dakika.

Kufa kwa polepole hakuna utepe. Malaria huua watu zaidi ya laki tano duniani kila mwaka, wengi wao watoto wa Afrika walio chini ya miaka mitano. Hesabu hiyo hugawanyika katika siku 365, katika vijiji maelfu, na kila kipande kinakuwa kidogo mno kwa ukurasa wa kwanza. Wangekufa wote kwenye meli moja, ungeona.

Nasema meli kwa sababu nilikuwepo. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, mimi nilikuwa mwaka wa nne kazini. Siku ile hakuna aliyeuliza nini kipya. Wenzetu wa michezo waliacha mpira wakaja kupokea simu. Mamia ya watu walikuwa wamekwisha. Ikatoka kwamba meli ilibeba abiria kupita uwezo wake, nasi tukaiweka hiyo juu kabisa, kwa herufi nene. Usiku, nikiwa kwenye gari la ofisi, dereva wetu ambaye ni mtu wa Kagera akasema taratibu: "Kwani ni leo tu ilijaza?" Kila aliyewahi kupanda meli ile alijua. Lakini kujaza kulikuwa kero. Kulihitaji kuzama ndipo kuwe habari.

Halafu ione dunia ilivyo. Ndani ya meli ile alikuwamo mtu mmoja aliyeitwa Abu Ubaidah al-Banshiri, mkubwa katika al-Qaeda. Baada ya mabomu ya kundi hilo ya Agosti 1998 kwenye balozi za Marekani pale Nairobi na Dar es Salaam, vyombo vya nje vilirudi kuitaja MV Bukoba kwa sababu yake yeye. Watu wa Kagera na Mwanza waliokufa pamoja naye wakawa maelezo ya pembeni katika habari ya mtu mmoja.

Sitaki udhani hali haiwezi kabisa kuwa habari. Huweza, ikipata mtu wa kuipa sura. Mohamed Amin unamjua? Mpiga picha mzaliwa wa Nairobi, aliyeianzisha kampuni yake ya picha Dar es Salaam mwaka 1963. Oktoba 1984 alikwenda kaskazini mwa Ethiopia, mpaka kambi ya Korem, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Njaa haikuanza mwezi ule. Watu walikuwa wakifa tangu mwaka uliotangulia na mashirika ya misaada yalishapiga kelele hadi sauti kukauka. Zile picha zilirushwa tarehe 23 Oktoba, na ghafla kila mtu akawa hajui chochote mpaka jana yake. Misaada ikamiminika, Julai iliyofuata wanamuziki wakafanya tamasha kubwa la kuchangisha London na Philadelphia. Njaa ilikuwa ileile. Kilichopatikana ni asubuhi moja ambayo mtu angeweza kuitazama akiwa sebuleni kwake.

Amin mwenyewe alikufa Novemba 1996, kwenye ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaishiwa mafuta ikaanguka baharini Komoro. Ilianguka karibu na ufukwe wa hoteli, mtalii akairekodi, na dunia nzima ikaiona. Hata yeye aliingia kwenye habari kwa sababu mtu alikuwa na kamera mahali panapofaa. Huwa nalifikiria hilo kuliko ninavyopaswa.

Sasa nije kwa yule kijana wako, maana umemtukana na mimi simlaumu sana. Umemuuliza analipwaje? Wengi wa mikoani hawana mshahara. Hulipwa kwa stori iliyochapishwa au kurushwa. Nauli yake mwenyewe, vocha yake mwenyewe. Kuja kwenu ni basi, kisha bodaboda, kisha huo mtumbwi, na akirudi mhariri anaweza kuitupa. Upande wa pili kuna semina hotelini: gari inamfuata, chakula kipo, posho ipo kwenye bahasha, na mgeni rasmi ana cheo. Unadhani ataandika ipi? Ndivyo "amefungua semina" inavyokuwa habari kila wiki. Na ndoa ya msanii nayo haina nauli. Leo kasema mume, kesho kajibu mke, keshokutwa mama mkwe. Kila siku ina "nini kipya" yake, na yote yanapatikana kwenye simu ukiwa umekaa.

Niliwahi kuwa na mwandishi mmoja, mkoa huohuo uliko wewe. Kulikuwa na kijiji kilichochimbiwa kisima na wafadhili, pampu ikafa, kina mama wakarudi kutembea kwa muda wa saa tatu kutafuta maji. Alipoituma mara ya kwanza nilimpa nusu ukurasa, na nilijisifu. Mara ya pili nikampa aya mbili. Mara ya tatu niliandika juu ya karatasi, kwa kalamu nyekundu, "Tulishaiandika", nikaitia kapuni. Pampu bado ilikuwa imekufa. Kilichokwisha ni upya wake kwangu mimi. Mara ya nne akatuma stori ya mzee anayedaiwa kugeuka fisi usiku. Tukaiweka ukurasa wa kwanza, akalipwa vizuri. Hakutuma tena habari ya maji, si ya kijiji kile wala ya kingine. Mimi ndiye niliyemfundisha, bila kumwambia neno.

La kufanya. Usimdanganye mwandishi, na usikae kungoja mtu wa tatu afe ili upate "kitu". Tafuta tarehe. Baraza la Madiwani hukutana kila robo mwaka. Diwani wenu akisimama akauliza daraja liko wapi, hapo kuna mtu kasema, mahali fulani, siku fulani. Tazama ripoti ya CAG, yule Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali: mambo yaliyomo yameoza zamani, lakini yakishakabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi yanaamka yote kwa pamoja kwenye magazeti yote. Uozo ni wa zamani, ila kukabidhiwa ni kwa leo.

Halafu wewe una kitu ambacho mwandishi hana: vitabu vya MTUHA, vile mnavyoandikia takwimu za wagonjwa. Hesabu waliokuja kujifungua kituoni kutoka ng'ambo miezi saba kabla ya daraja kuondoka, na miezi saba baada yake. Ikiwa walikuwa wengi wakawa wachache, hiyo ni mpya, hakuna aliyewahi kuisikia, na haihitaji maiti. Lakini muombe ruhusa mganga mfawidhi wako, usije ukapoteza kazi kwa ajili ya aya mbili. Majina ya wale wawili yaache kabisa. Mtumbwi upigwe picha, sura ya mgonjwa isionekane. Kama mume wa mmoja wao mwenyewe anataka kusema, na aseme, ila aulizwe mara mbili, siku mbili tofauti. Msibani mtu hukubali lolote, ninajua kwa sababu nimewahi kulitumia hilo. Na uanze na redio ya jamii iliyo jirani kabla ya hao wa mkoani. Kwao wao huo mto una jina.

Jana nilimtafuta yule mwandishi wangu wa kisima. Sasa ana duka la vipuri vya bodaboda, mjini hapo hapo, namba yake ni ileile. Nikamweleza habari ya daraja lenu. Akanyamaza kidogo, nikasikia mtu dukani akiulizia cheni, kisha akaniambia, "Nini kipya, mama mhariri?"

Sijui alikuwa akinitania au vipi. Nikamjibu ngoja nimuulize mwanangu. Basi nitumie hizo hesabu kabla ya Ijumaa. Anafunga duka saa kumi na mbili jioni.

Mama yako